Upepo wa Jua na Deni la Wanakiswahili

Imekuwa ada kwa baadhi ya wasomi wetu kudai kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa, na kwamba hakiwezi kubeba sayansi. Nasi wanakiswahili hujibu kwa kuorodhesha istilahi. Kwa maoni yangu, jibu hilo halitoshi. Lugha humiliki taaluma pale inapoieleza ikaeleweka.

Hebu tutazame mfano mmoja. Jua hutoa mkondo usiokoma wa chembe zenye chaji ya umeme, ambao aghalabu husafiri kilomita 400 au zaidi kwa sekunde. Huo ndio upepo wa jua. Uga wa sumaku wa dunia huuzuia kwa umbali wa kilomita 60,000 hivi, upande unaoelekea jua. Hata hivyo, kinga hiyo haitulii. Upepo unapopita ubavuni mwake kwa kasi, huzusha mikunjo kama kusi inavyozusha mawimbi baharini. Shinikizo lake linapopanda ghafla, kinga hubonyea na kurudi, mithili ya ngozi ya ngoma iliyopigwa. Misukosuko hiyo hupenya ndani na kuitetemesha mistari ya sumaku kama nyuzi za zeze. Tetemo moja huweza kuchukua sekunde kadhaa au hata dakika kumi; ndiyo maana yakaitwa mawimbi ya marudio ya chini. Baadhi yake huzipa elektroni nishati kubwa mno, nazo huweza kuharibu mitambo ya setilaiti.

Atakayepinga atasema kwamba neno ‘upepo’ linapotosha. Ni kweli kwamba karibu na dunia mkondo huo huwa na chembe chache tu katika kila sentimita ya ujazo, wala hauwezi kupeperusha hata unyoya. Lakini Eugene Parker, aliyeupa jina hilo kwa Kiingereza mwaka 1958, naye aliazima neno la kawaida, kisha akalifafanua. Kwa nini Kiswahili kinyimwe ruhusa hiyo?

Istilahi isiyofafanuliwa ni mtungi mtupu. Napendekeza kila mmoja wetu aketi na mwanafunzi mwenzake wa fizikia, aulize mpaka aelewe, kisha aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu. Tusipofanya hivyo, wanaokibeza Kiswahili watakuwa wamepata ushahidi kutoka kwetu wenyewe.