MBWA SIO POCHI, UKICHOKA UNATUPA!

Wadau, picha za mrembo mmoja mtangazaji akiwa na mbwa wake mzee zimesambaa, na watu mjini hawana dogo. Huyu anasema "kiki hiyo", yule anasema "kakosa mume kaamua kufuga babu". Haya, chekeni. Ila kwanza mjue huyo mbwa katoka wapi.

Ni yule yule aliyekuwa akipostiwa na staa mmoja wa Bongo Fleva miaka minane iliyopita. Alikuwa kitoto, manyoya yanang'aa, kavalishwa cheni, laiki zinamiminika. Staa alipohama nyumba, sofa zikapakiwa, tivii ikapakiwa, mbwa akaachwa kafungwa getini. Majirani ndio waliompeleka kwenye kituo cha kutunza wanyama. Hapo kila anayekuja anachagua watoto, mzee anapitwa.

Mrembo alimkuta na ukurutu mgongo mzima, kupe wamejaa masikioni, meno yameoza, kucha zimejikunja mpaka zinachoma nyama. Hakumpeleka kupiga picha, alimpeleka kwa daktari wa mifugo. Kasafishwa, kapewa dawa ya minyoo, kachomwa chanjo, meno mabovu yameng'olewa. Sasa anakula uji wa dagaa taratibu kama mzee yeyote. Kiki gani hiyo ya kuosha vidonda kila asubuhi?

Kuna wanaosema, "Hizo hela si angewapa yatima?" Swali zuri, ila wewe unayeuliza umewapa yatima shilingi ngapi mwezi huu? Hela ya shisha ipo, ya yatima unamdai mwenzio. Huruma haiishi kama bando. Anayemhurumia mbwa hajamnyima mtoto.

Wengine wanaleta dini, eti mbwa ni najisi. Sawa, najisi inaoshwa. Lakini kisa cha aliyempa maji mbwa mwenye kiu akasamehewa, hata watoto wa madrasa wanakijua. Hakuna dini iliyosema mnyama aachwe afe na mnyororo shingoni.

Na hili sio suala la mbwa tu. Mbwa akitupwa bila chanjo anazurura mtaani, akipata kichaa anang'ata watoto wanaotoka shule. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Starehe ya staa inaishia kuwa msiba wa mama ntilie asiyemjua hata kwa jina.

Nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kwa hiyo kumtunza mnyama wako sio hisani, ni wajibu. Huna nafasi, huna muda, huna hela ya daktari? Usifuge. Nunua mdoli, huo hauzeeki.

Miaka yote ile kalinda geti usiku watu wamelala. Malipo yake ndio yale?

Haya wadau, wa kuchekwa hapo ni nani: aliyeokota au aliyetupa? Dondosha komenti.