Taa kuukuu za barabarani: tuweke hata moja ya kila aina

Leo sitaandika juu ya programu. Wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya mambo ya hifadhidata, itakuja, msinipigie kelele. Leo nataka kuwatetea watu ambao wengi wetu tukiwasikia tunacheka: wale wanaokusanya taa kuukuu za barabarani. Ndiyo, zile zinazokaa juu ya mlingoti na kuvutia wadudu.

Watu hawa wapo, na si wachache. Huko Marekani na Uingereza kuna wazee kwa vijana ambao gari lao linalala nje kwa sababu gereji imejaa vichwa vya taa vya miaka ya 1950 na 1960. Wanavinunua kwa makandarasi wanaobadilisha taa za mji, kwenye minada na kwenye masoko ya mitumba. Wakifika nyumbani wanasugua kutu, wanabadilisha nyaya, wanatafuta balbu ya aina yake, wanawasha. Basi. Hakuna faida, hakuna mshahara.

Mimi huandika programu, na katika kazi hii mtu akifufua Commodore 64 tunampigia makofi. Akifufua taa iliyomulika mtaa mzima miaka thelathini tunamuuliza kama ameoa. Sioni tofauti. Kwa kweli nadhani mwenye taa anafanya kazi muhimu zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Kompyuta ya zamani ukiwa na nakala ya programu zake na maelezo ya saketi, unaweza kuiiga ndani ya kompyuta mpya. Emuleta za namna hiyo zimejaa mtandaoni. Taa haiigiki. Chukua taa ya sodiamu ya shinikizo la chini. Barabara ya kwanza kumulikwa nayo ilikuwa ile ya kutoka Beek hadi Geleen kule Uholanzi, mwaka 1932, na baadaye ikapaka Uingereza nzima rangi ya chungwa usiku. Ukiiwasha haiwaki mara moja. Kwanza unaona wekundu hafifu, hiyo ni gesi ya neoni iliyowekwa ndani kuianzisha, kisha sodiamu inapata joto polepole, na baada ya dakika kama kumi hivi mwanga unakuwa wa manjano mazito. Na manjano yenyewe ni ya urefu mmoja wa wimbi, nanomita 589 (ukipima kwa makini ni mistari miwili iliyokaribiana sana).

Maana yake ni kwamba chini ya taa hiyo hakuna rangi nyingine yoyote. Gari jekundu linaonekana jeusi-jeusi. Shati la buluu nalo vivyo hivyo. Sasa jaribu kuiga hilo kwa skrini yako. Skrini ikikuonyesha manjano, inakudanganya: imechanganya nyekundu na kijani, na jicho lako likakubali. Mulika shati jekundu kwa mwanga wa skrini hiyo na wekundu utarudi, kwa sababu mwanga mwekundu umo ndani yake. Kwa hiyo hata uwe na picha elfu moja na video za kila pembe, ukitaka kujua jinsi usiku ulivyoonekana kwa mamilioni ya watu kwa zaidi ya nusu karne, itabidi taa yenyewe iwake.

Wahandisi walikubali adhabu hiyo ya rangi kwa sababu ya hesabu. Taa ya aina hiyo ya wati 180 ilitoa takriban lumeni 180 kwa kila wati, wakati balbu ya kawaida ya waya inatoa kama 15. Mji wa San Jose, California, uliipenda kwa sababu nyingine kabisa: karibu yake kuna kituo cha kutazama nyota cha Lick, na mwanga wa wimbi moja wanaastronomia wanaweza kuuchuja. Hadithi kama hizi ziko ndani ya kila kichwa cha taa, ila mtu lazima awepo wa kuzisimulia, na mara nyingi mtu huyo ni yule jamaa mwenye gereji.

Tatizo ni kwamba muda unaisha. Taa za mvuke wa zebaki, zile za mwanga wa samawati-kijani zinazofanya watu waonekane wagonjwa, zimefungiwa milango karibu kila mahali. Marekani ilikataza kutengeneza na kuingiza balasti zake kuanzia 2008, kwa sheria ya nishati ya mwaka 2005. Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni 2015. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki uliweka mwisho wa 2020. Wanaozikusanya sasa wanahesabu balbu zilizobaki kama watu wanavyohesabu debe za mahindi mwezi wa nne.

Tusielewane vibaya. Mimi si mpinzani wa LED. Zebaki ni sumu, na umeme ni pesa. Los Angeles ilipoanza kubadilisha taa zake 2009, ikabadilisha takriban 140,000 kwa miaka minne, ilifanya jambo la busara. Mji wetu ukiniuliza nitasema badilisheni zote, hata kesho. Swali langu ni moja tu: zile zinazoshuka zinakwenda wapi?

Huko huko Los Angeles kuna jibu moja zuri. Msanii Chris Burden alinunua nguzo zake mbili za kwanza mwaka 2000, kwenye soko la mitumba la Rose Bowl, Pasadena. Nguzo za chuma za miaka ya 1920 na 1930, zenye nakshi, ambazo mji ulishaachana nazo. Akaendelea kununua, miaka ikapita, na 2008 nguzo 202 zikasimamishwa kwa mistari mbele ya jumba la makumbusho la LACMA kwa jina la Urban Light. Leo watalii wanapanga foleni kupiga picha pale. Hakuna kamati iliyokaa ikaamua zihifadhiwe. Mtu mmoja alizipenda, akazilipia, akazipa nafasi.

Sasa turudi nyumbani, na hapa ndipo ninapokasirika kidogo.

Sisi si wageni wa taa. Historia ya Kenya Power inaanzia kwenye jenereta ambayo Sultani Seyyid Barghash wa Zanzibar aliinunua 1875 ili kumulika kasri lake na mitaa iliyo karibu, na ambayo mwaka 1908 ilichukuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee. Yaani simulizi ya umeme wetu inaanza na taa ya mtaani! Na mpaka leo tunazipa taa majina. Hakuna Mkenya asiyejua mulika mwizi ni nini, na jina hilo peke yake linakueleza tulihitaji mwanga kwa ajili gani. Lakini nionyeshe mahali ambapo naweza kumpeleka mtoto akaone taa ya zebaki ya miaka ya sabini ikiwaka. Nairobi zile za sodiamu zimekuwa zikishushwa mwaka baada ya mwaka, LED zikipanda, na kinachoshushwa kinaishia kwenye mizani. Alumini kwa kilo, shaba ya balasti kwa kilo, kioo kinatupwa.

Niliwahi kwenda kwenye ofisi moja ya umma, sitaitaja, kuuliza kama naweza kununua taa moja iliyostaafu. Moja. Karani alinisikiliza kwa adabu, kisha akanieleza kuwa zinauzwa kwa fungu, mamia kwa pamoja, na anayenunua ni mtu wa vyuma chakavu. Nikatoka. Nje ya lango kijana mmoja akaniambia anaweza kunitafutia, bei poa, bila karatasi. Hapo nilikataa, na ninyi mkataeni. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu hadi mwezi wa Mei. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inamtaka muuzaji awe na leseni na aweke kumbukumbu za mali anayopokea. Ukikutwa na kichwa cha taa ya barabarani sebuleni bila risiti, hakuna polisi atakayeamini neno "hobi". Na kusema kweli, kwa nini aamini? Kila taa inayoibiwa ni mama fulani anayetembea gizani kutoka stejini.

Kwa hiyo kanuni ya wakusanyaji wa ng'ambo, kwamba taa haitolewi kwenye nguzo na mtu binafsi kamwe, kwetu inafaa iwe na uzito mara mbili.

Lakini angalia jambo hili. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015 inataja njia kadhaa za kuondoa mali isiyohitajika: mnada, zabuni, na nyinginezo. Mojawapo ni kuihamishia taasisi nyingine ya umma, hata bila malipo. Makumbusho ya Taifa ni taasisi ya umma. Hakuna sheria mpya inayohitajika, hakuna bajeti ya kutisha. Kabla fungu halijauzwa, fundi anachagua taa moja ya kila aina, anaandika zilitoka mtaa gani na ziliwekwa lini, zinapelekwa stoo ya makumbusho. Labda ni vichwa ishirini kwa kaunti. Pikapu moja.

Wapo watakaosema kuna mitaa haijawahi kuona taa hata moja, na mimi naongea juu ya kuhifadhi zilizokufa. Nakubali mitaa hiyo ije kwanza. Ila vichwa ishirini vilivyokufa havitamulika mtaa wowote, na pesa zake kwa kilo hazitoshi kununua LED moja ya maana.

Kwa mtu binafsi njia safi ni mali ya watu binafsi: viwanda vya zamani, nyua za makanisa, mashamba ya chai, maghala. Wao pia walifunga taa hizi hizi. Yangu, ya zebaki ya wati 125, ilitoka uani mwa kiwanda kimoja kilichokuwa kinahama Industrial Area. Mwenyewe aliniandikia risiti, nami nimeibandika ndani ya kifuniko, pembeni ya balasti, ili ikae na taa popote itakapokwenda.

Ukipata yako, mambo machache. Usiwashe balbu ya zebaki ambayo kioo chake cha nje kimepasuka. Inatoa miali inayochoma macho na ngozi. Kapasita ya kabla ya miaka ya themanini usiifungue, mafuta yaliyomo yanaweza kuwa na sumu. Balbu ya sodiamu ya shinikizo la chini isivunjike karibu na maji, sodiamu inashika moto. Na usiunganishe balbu yoyote ya aina hizi moja kwa moja kwenye soketi bila balasti, italipuka kabla hujaita fundi.

Nawatafuta hasa mafundi waliostaafu, waliopanda nguzo za Nairobi, Mombasa na Kisumu miaka ya sabini na themanini. Kama mjomba au babu yako ni mmojawapo, muulize ni aina gani walizokuwa wakifunga na mitaa gani, andika majibu, unitumie. Nimeanza orodha. Mpaka sasa ina mistari kumi na moja, na minne kati yake ina alama ya kuuliza.