Mwalimu Hafundwi kwa Hotuba

Taifa letu lilimpa kiongozi wake wa kwanza jina la Mwalimu, wala hapana cheo alichoitwa kwa mapenzi kuliko hicho. Lakini heshima ya jina si heshima ya kazi. Jina twalisifu majukwaani, na yule aifanyaye kazi yenyewe kila siku, mbele ya watoto 80 au 100, twamwacha peke yake na chaki yake. Mtihani ukiharibika twamlaumu. Akilalamika twamwambia kwamba ualimu ni wito. Neno hilo ni zuri, lakini limegeuzwa kuwa pazia la kufichia wajibu wetu. Mwenye wito naye huhitaji kufundwa, tena kufundwa muda wote wa utumishi wake.

Hatusemi kwamba mwalimu haitwi kwenye mafunzo. Huitwa. Tunachogombana nacho ni namna anavyofunzwa. Twaijua semina. Walimu hukusanywa mjini kwa siku 2 au 3, huketishwa kwa safu kama wanafunzi, na mkufunzi husimama mbele yao tangu asubuhi hadi adhuhuri akihutubia juu ya ubaya wa kufundisha kwa hotuba. Huwaamuru wanakili ubaoni maelezo ya mbinu shirikishi, naye hamshirikishi mtu. Jioni orodha hutiwa saini, posho hutolewa, vyeti hugawiwa. Jumatatu mwalimu hurejea darasani kwake akakuta watoto ni wale wale, madawati ni yale yale, na yeye ni yule yule. Taarifa, hata hivyo, husema kwamba walimu wamejengewa uwezo. Uwezo upi, na ni nani aliyekwenda kuutazama?

Hatuwatukani wakufunzi. Wengi wao nao hawakupata kufunzwa ila kwa njia hiyo hiyo, na mtu hutoa alichonacho. Twashutumu mazoea yenyewe, kwa sababu ni mageni kwa utamaduni wetu na ni adui wa elimu tuliyojichagulia.

Ni mageni, kwani katika nchi hii hapana ufundi uliopata kurithishwa kwa hotuba. Mwanagenzi wa fundi wa majahazi hakuketi chini ya mwembe akaandika sifa za jahazi jema. Alipewa tezo, akachonga ubao, fundi akimtazama. Ubao ulipokwenda upande aliambiwa pale pale, akaonyeshwa, akarudia. Ndivyo alivyofunzwa mhunzi, ndivyo alivyofunzwa msusi wa mikeka, ndivyo alivyofunzwa mganga wa mitishamba. Iweje basi ualimu, ambao ni ufundi wa kuunda watu, uwe ndio ufundi pekee unaodhaniwa kufunzika ukumbini, mbali na mahali unapotendeka?

Tena mazoea hayo ni adui wa elimu yetu. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 ulitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi, imani katika nafsi yake, na uwezo wa kujifunza kwa wengine pasipo kumeza kila kitu. Lakini udadisi haufundishwi na mtu aliyezoezwa kunakili. Mwalimu anayenyamazishwa semina baada ya semina atawanyamazisha watoto kipindi baada ya kipindi, wala tusimstaajabie.

Wako watakaotujibu kwamba kumfunza mwalimu kazini kulikwisha kujaribiwa, na matunda yake yakawa machungu. Nasi twawakumbusha yaliyotukia. Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliamua kwamba watoto wote wa umri wa shule wapate elimu ya msingi ifikapo 1977, badala ya kungoja mwaka 1989. Walimu waliohitajika walikuwa makumi ya maelfu, na vyuo havikuweza kuwatoa. Basi walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wakifundishwa: sehemu ya siku mbele ya watoto, sehemu chini ya mkufunzi, kwa masomo ya redio na ya posta, na mwishoni wiki chache chuoni. Baadaye jina la "mwalimu wa UPE" likawa la mzaha.

Mzaha huo hauna shukrani. Kwa mikono ya vijana hao hesabu ya watoto wa shule za msingi ilizidi maradufu katika muda wa miaka 10. Ni kweli kwamba elimu yao wenyewe ilikuwa fupi mno, na hilo twalikiri. Lakini kosa kubwa halikuwa kuwafunza kazini. Kosa lilikuwa kuwaacha mara walipopata cheti. Miaka ya 1980 ikaja na uhaba wake, vitabu vikaadimika, mkufunzi hakurudi tena, na kijana aliyekuwa ameanza tu kuiva akabaki na yale aliyojua siku ya kwanza. Tunda halilaumiwi kwa uchungu ikiwa limechumwa bichi.

Siku hizi upo mpango uitwao Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwa kifupi MEWAKA, unaokusudia kuyaleta mafunzo shuleni, walimu wakutane na kufunzana. Kusudio hilo ni jema, nasi twaliunga mkono kwa moyo mmoja. Hofu yetu ni moja: yasije mazoea ya ukumbini yakahamia shuleni, walimu wakakutana ili fomu ijazwe na picha ipigwe, wala mtu asiingie katika darasa la mwenzake.

Na kuhusu mbinu zenyewe, twapenda kuondoa kasumba nyingine. Neno "shirikishi" limeingia vyuoni juzi, na wengi hudhani kwamba na jambo lenyewe limetoka ng'ambo. La hasha! Mtoto wa Kiswahili hakukaa kimya mbele ya mtambaji wa hadithi. Alipoambiwa "Paukwa" aliitikia "Pakawa". Kitendawili hakitegwi mpaka hadhira iseme "Tega", na wakishindwa wote hudaiwa mji, mtegaji akaenda mjini kwake, kisha akatoa jibu. Tazameni hekima iliyomo: kila mtu analazimika kufikiri, na aliyeshindwa hulipa mji, hapigwi fimbo. Ni kwa nini basi watoto wa darasa la sita wasitunge kwa makundi vitendawili vya moyo na mapafu, dawati moja likalitegea jingine? Darasa la watoto 90 halina mapafu 90 yaliyochoka ikiwa wote wana zamu ya kusema.

Twalitazame na bao. Lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Katika bao la kujifunza kila shimo hutiwa kete 2. Humo mna kuzidisha, mna kugawanya, mna kukadiria kabla ya kutenda. Nasi twawafundisha watoto hesabu kwa kuimba majedwali, na huku mashimo yakichimbika bure uwanjani. Zipo pia ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, alizifanya kuwa chombo cha elimu. Tumezifanya mapambo ya kumpokea mgeni rasmi, ilhali asili yake ni mjadala: huyu anadai, yule anapinga, na darasa lapima hoja.

Lakini tusijidanganye. Mbinu haifundishi yenyewe. Wimbo usio na lengo ni kelele, na bao lisilo na swali ni mchezo wa wazee barazani. Mwalimu atakayejaribu kugawanya kwa kete kwa mara ya kwanza huenda akaona fujo, nusu ya darasa wakigombania kete na nusu wakisinzia. Saa hiyo ndipo anapohitaji msaada, na hapana semina iwezayo kumfikia. Awezaye ni mwenzake aliyeketi dawati la nyuma, akaona ni wapi swali lilikosewa, ni mtoto gani aliyesahauliwa, na jioni akamwambia kwa upole. Wajapani wana desturi hiyo: walimu hutayarisha somo pamoja, mmoja hulifundisha, wengine hutazama, kisha hulichambua somo, si mtu. Hilo halina tofauti na tezo la fundi wetu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, ratiba ya kila shule iwe na saa 1 kwa wiki ya walimu kutazamana na kusahihishana, na saa hiyo ihesabiwe kuwa kazi, si hisani. Pili, wakaguzi, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora wa shule, waingie darasani kama mafundi na si kama askari. Na atakayekosoa somo awe tayari kushika chaki na kuonyesha. Tatu, fedha za kumbi na posho zipelekwe kwenye vitabu, nauli za kutembeleana kati ya shule na shule, na vituo vya walimu.

Nanyi walimu, msiufunge mlango wa darasa mwenzenu anapobisha. Aibu ya kuonwa ukikosea ni ya siku moja, na hasara ya kukosea bila kuonwa ni ya watoto wa miaka 30. Nanyi wanafunzi wa sekondari, ambao kesho wengine wenu mtaushika ualimu, dadisini tangu leo. Mwalimu anayefundwa na wenzake hataliogopa swali lenu. Na taifa linaloogopa maswali ya watoto wake halistahili kumwita mtu yeyote Mwalimu.