Mali bila daftari: soma mipangilio ya seva inayopokea malipo yako

Mfanyabiashara wa Diani anajua salio la till yake. Muamshe saa nane za usiku, atakutajia mpaka shilingi ya mwisho. Lakini hebu muulize haya: seva inayopokea taarifa za malipo yako inafuata saa ya nchi gani? Cheti chake cha usalama kinaisha lini? Na ikizimika ghafla, mteja aliyekwisha kuweka PIN malipo yake yatapita au yatakataliwa? Hapo utasikia jibu moja tu: "Hayo ni mambo ya fundi."

Mimi nasema hapana. Mipangilio ya seva ni mali ya biashara, sawa na friji ya samaki au injini ya mashua, na mwenye mali anafaa kuisoma kila siku. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari hilo linaweza kuwa skripti fupi inayoiuliza seva maswali machache kila asubuhi na kukuletea majibu kwa simu. Nilisomea masoko chuoni, si kompyuta, kwa hivyo nitaeleza kwa lugha ya dukani.

Pesa imefika, habari haijafika

M-Pesa ilianza Machi 2007 kama njia ya mtu kumtumia mtu pesa. Mitambo yake ilikuwa nje ya nchi, na mwaka 2015 ikahamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, yaani API ya M-Pesa. Neno API lisikutishe. Fikiria dirisha la duka: huingii ndani wala hugusi rafu, unauliza kwa utaratibu uliowekwa, unajibiwa.

Kupitia dirisha hilo mgahawa wa Ukunda, shule ya Msambweni au wenye mashua wa Shimoni wanaweza kuunganisha malipo na kompyuta yao. Mteja akilipa, taarifa inatumwa kwa seva ya biashara: kiasi, namba ya muamala, wakati. Seva inaandika "amelipa" na kazi inaendelea.

Shida inakuja taarifa isipofika. Pesa iko kwenye till lakini skrini ya mhudumu inasema bado. Mteja anaonyesha SMS, mhudumu anaonyesha skrini, na wote wawili wanasema kweli. Foleni inakua, sauti zinapanda, na mgeni aliyekuja likizo anaondoka akiamini ametapeliwa. Mara nyingi ugomvi kama huo hausababishwi na mwizi wala mtandao. Ni mstari mmoja wa mipangilio ambao hakuna aliyeusoma kwa miezi.

Vigezo vinne vya kusoma

*Saa ya seva.* Seva nyingi za kukodi huja zikifuata saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu kamili. Mchana hutaona tofauti kubwa. Lakini Diani inauza usiku. Mteja akilipa saa nane za usiku wa kuamkia Jumapili, seva yenye saa ya UTC inaandika kwamba ni saa tano usiku, Jumamosi. Sasa fikiria mkesha wa mwaka mpya: mauzo yote ya kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa alfajiri ya Januari 1 yanaingia kwenye vitabu vya mwaka uliopita. Ukifunga hesabu hazilingani na SMS za M-Pesa, na wa kwanza kushukiwa ni kijana wa kaunta. Kigezo chenyewe ni neno moja tu. Kinafaa kusomeka Africa/Nairobi.

*Cheti cha usalama.* Anwani inayopokea majibu ya malipo halisi lazima ianze na https, na https inahitaji cheti kilicho hai. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo biashara nyingi ndogo hutumia, vinadumu siku 90 tu. Kwa kawaida seva hujihuishia cheti yenyewe, mradi iwe imepangwa hivyo na iwe inafanya kazi. Sasa tazama kalenda yetu ya pwani. Pasaka ikipita, masika inaingia, wageni wanapungua, na wengine wanafunga mpaka Julai. Hizo siku 90 zinaishia hapo hapo katikati. Unafungua tena msimu ukianza, umepaka rangi na meza ni mpya, kumbe cheti kilikufa Juni na hakuna taarifa ya malipo inayopita.

*Seva isipojibu.* Hiki ndicho ningemtaka kila mwenye biashara akijue kwa jina. Biashara inaposajili anwani zake kwenye Daraja, inatuma kigezo kinachoitwa ResponseType, nacho kina majibu mawili pekee: Completed au Cancelled. Kwa biashara zilizoomba kuhakiki malipo kabla hayajapita, kigezo hiki ndicho kinachoiambia M-Pesa ifanye nini seva ya kuhakiki isipopatikana: iyapitishe malipo au iyakatae.

Uamuzi huu ni wa mwenye biashara, si wa fundi. Shule inayopokea karo kwa namba ya mwanafunzi ina sababu nzuri ya kuchagua Cancelled, maana karo ikiingia kwa namba isiyokuwepo, kuitafuta ni kazi ya wiki nzima. Lakini mwenye mashua inayotoka Shimoni kwenda Wasini ana abiria wamesimama gatini na maji hayamngoji mtu. Huyo atataka Completed, apokee pesa sasa na kulinganisha hesabu jioni. Fundi aliyekaa mbali atajuaje tofauti hiyo? Ataweka alichozoea kuweka kwa wateja wake wote.

*Anwani na mazingira.* Majibu ya malipo yako yanatumwa kwa anwani gani, na nani anaimiliki? Ikiwa ni anwani ya fundi mwenyewe, basi majina na mienendo ya wateja wako inapita kwake kwanza, na mkikosana ana uwezo wa kuizima. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, wewe uliyekusanya data hizo una wajibu nazo, hata kama hujui zimelala kwa seva ya nani. Pia hakikisha mfumo hauko kwenye mazingira ya majaribio. Namba 174379 inajulikana na mafundi wengi kama namba ya kujaribia. Ukiiona kwenye mipangilio ya duka linalouza kweli, ujue malipo hayawezi kuingia kwenye till yako.

Skripti inafanya nini hasa

Skripti ni orodha ya maagizo. Unamtuma mtoto sokoni na karatasi: nenda kwa fulani, uliza bei ya nazi, uliza bei ya mchele, rudi uniambie. Skripti ni hiyo karatasi, ila haichoki na haisahau.

Vyombo vya kusimamia seva, kwa mfano cPanel, navyo vina API zao. Skripti inabisha kwenye dirisha hilo, inaonyesha kibali chake, inauliza thamani ya kila kigezo, kisha inalinganisha na jibu la jana. Kwa vile ResponseType hutumwa wakati wa kusajili, mwambie fundi aiandike pia kwenye faili ya mipangilio ya seva, ndipo skripti iweze kuisoma pamoja na vingine. Ripoti ya asubuhi inaweza kuwa mistari mitano tu:

saa_ya_seva: Africa/Nairobi
siku_za_cheti: 61
mazingira: halisi
anwani_ya_majibu: haijabadilika
seva_isipojibu: Completed

Hii hata mtu asiyejua kompyuta ataisoma akinywa chai na mahamri. Siku_za_cheti zikishuka chini ya 15, piga simu. Anwani_ya_majibu ikisema "imebadilika" na wewe hukuagiza chochote, usingoje chai iishe.

Kwa nini skripti na si fundi kuangalia kwa macho? Fundi huangalia shida ikishatokea. Skripti huangalia hata siku ambayo kila mtu yuko shwari, na mabadiliko mengi mabaya hufanyika siku kama hizo. Halafu inaacha kumbukumbu. Mkibishana Agosti kuhusu kilichobadilika Mei, kuna tarehe.

Ufunguo wa kusoma usifungue kabati

Hapa kuna hatari ya kweli na sitaificha. Skripti inahitaji kibali, na kibali kikianguka mikononi mwa mtu mbaya, naye atabisha dirishani kwa jina lako. Daraja lenyewe linatoa kibali cha muda kiitwacho tokeni. Si tokeni ya stima, ingawa zinafanana kwa kuwa zote huisha: hii inadumu kama saa moja kisha unaomba nyingine. Lakini funguo za kuombea tokeni ni za kudumu, na hizo ndizo za kulinda.

Kwa hivyo shika mambo matatu. La kwanza, uliza kama chombo chako kinaweza kutoa ufunguo wa kusoma tu, usioweza kubadilisha kitu. Kama hakiwezi, angalau ufunguo uwekewe tarehe ya kuisha. La pili, funguo zisiandikwe ndani ya skripti yenyewe wala zisitumwe kwa WhatsApp. Skripti hunakiliwa, hutumwa, husahaulika kwenye laptopu ya kukopa. La tatu, ripoti inayokuja kwa simu yako ionyeshe hali tu, isibebe siri yoyote.

Na ni seva yako pekee. Kuingia kwenye mfumo wa mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, hata kama ulikuwa "unachungulia tu".

"Fundi wangu ni muaminifu"

Nimeisikia hoja hii sana hapa Kwale, na ina uzito. Fundi mwingi ni mtoto wa jirani, mnaswali msikiti mmoja au mnakutana kanisa moja. Kumuomba akuonyeshe mipangilio kunaonekana kama kumshuku.

Mimi naona kinyume chake. Mwenye duka anapohesabu droo pamoja na mhudumu jioni, hamtukani mhudumu. Anamlinda. Siku pesa zikipungua, daftari lipo la kumtetea. Fundi naye akiwa na ripoti ya kila asubuhi hawezi kusingiziwa kitu asichokifanya. Na akipata kazi Mombasa au nje ya nchi, atakayekuja baada yake hataanza kwa kubahatisha.

Wengine watasema biashara yao ni ndogo, wana till ya kawaida bila seva. Sawa, skripti huihitaji. Lakini mipangilio unayo: jina linalotokea kwa mteja, namba ya simu iliyounganishwa na till, watu walioruhusiwa kuitumia. Isome mwenyewe mara moja kwa wiki na uiandike kwenye daftari la kawaida. Msichana aliyeacha kazi mwaka jana hafai kuwa bado anaona mauzo yako.

Na wewe unayelipa tu?

Usifute SMS ya malipo mpaka umeondoka na mali yako. Ile namba ya muamala mwanzoni mwa ujumbe ndiyo biashara inayoweza kutumia kuuliza Daraja kama malipo yalikamilika. Mhudumu akikuambia "haijaingia", usilipe mara ya pili kwa hasira au kwa haraka. Muombe atafute kwa namba hiyo. Na malipo yakikataliwa ilhali una salio la kutosha, huenda ni seva ya biashara haikujibu, si simu yako.

Swali la kumpelekea fundi

Wiki hii mpigie fundi wako na umuombe jambo moja: "Niandikie vigezo vinavyoendesha malipo yangu, kisha unitengenezee skripti ya kuvisoma kila asubuhi." Kwa anayeijua kazi yake, hilo si jambo kubwa. Akisema haiwezekani, muulize kwa nini, na usiridhike na "usijali, boss, iko sawa". Pengine ni kweli iko sawa, lakini wewe ndiye mwenye mali, na ni wewe utakayesimama mbele ya mteja siku haiko sawa.