Kisasi cha filamu na kisasi cha Sharia

  

Ndugu Waislamu, katika mabanda ya video mitaani kwetu, na siku hizi katika simu za vijana wetu, filamu za zamani za kulipiza kisasi hazijapoteza watazamaji. Mtu ameuliwa mkewe, polisi wameshindwa, naye anachukua silaha na kuwaandama waovu mmoja baada ya mwingine. Sisi wenyewe ujanani tulizitazama, wala hatuna haja ya kulificha hilo.

Je, ni kitu gani kinachotuvuta? Wapo wasemao ni kupenda damu. Sisi tunaona ni kiu ya haki. Aliyedhulumiwa, kila siku akaambiwa arudi kesho, huku akimwona mdhalimu wake akipita kifua mbele, moyo wake hupoa anapoona haki ikipatikana kwa muda wa saa mbili tu. Kiu hiyo si dhambi. Uislamu umeitambua, kisha ukaiwekea mipaka. Katika Surat Al-Israa, aya ya 33, walii wa aliyeuawa kwa dhulma amepewa mamlaka, na papo hapo akakatazwa kupindukia. Hata neno letu "kisasi" asili yake ni Kiarabu, qisas, yaani malipo yaliyo sawa na kosa, yanayohukumiwa na kadhi baada ya ushahidi, na mwenye haki akiruhusiwa kusamehe au kupokea dia. Sisi tumelichukua neno hilo tukalifanya jina la hasira.

Hadaa ya filamu hizi iko hapa: mtazamaji ameliona kosa likitendeka kwa macho yake, basi hana shaka. Lakini tuiangalie Death Wish ya mwaka 1974. Charles Bronson anaigiza msanifu majengo wa New York ambaye mkewe anauawa na majambazi. Anatoka usiku na bastola na kuua wahalifu wengi, lakini waliomuua mkewe hawapati kamwe hadi filamu inakwisha. Watazamaji walishangilia bila kulitambua hilo. Brian Garfield, aliyeandika riwaya ya asili mwaka 1972, hakuridhika na jinsi filamu ilivyomtukuza mlipizaji.

Wapenzi wa filamu za Kihindi wanaikumbuka Sholay ya mwaka 1975. Thakur, aliyeuliwa jamaa zake na kukatwa mikono na Gabbar Singh, katika mwisho uliopigwa kwanza anamuua adui yake kwa miguu. Wakaguzi wa filamu wa India waliukataa mwisho huo, ukapigwa mwingine ambamo polisi wanafika na kumzuia. Wengi waliona utamu umepunguzwa. Sisi leo tunaona kwamba hapo ndipo palipokuwa na funzo.

Twasema hivi kwa sababu mtaani hakuna aliyeonyeshwa mwanzo wa kisa. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kuosha maiti ya kijana aliyepigwa na wale ambao magazeti huwaita "wananchi wenye hasira kali". Alidaiwa kuiba simu. Tulipotoka makaburini tukaambiwa simu imeonekana nyumbani kwa mwenyewe, chini ya godoro. Kila aliyerusha jiwe alikuwa na yakini. Mama wa marehemu alituuliza nani amemuua mwanawe, nasi hatukuwa na jina la kumpa. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, ilikwisha kutuonya tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu na kubaki na majuto.

Wazazi, kuvunja televisheni hakutoshi. Kaeni na vijana wenu muwaulize: huyu shujaa alijuaje? Nani alimpa mamlaka? Je, kama amekosea? Na wenye dhamana ya kuhukumu nao wajue kwamba kila kesi inayocheleweshwa inawaongezea walipizaji wafuasi.

Mtume (S.A.W.) aliingia Makka mwaka wa 8 Hijria akiwa na jeshi, mbele ya watu waliomtoa kwao na kuwaua wapenzi wake, naye akawasamehe. Ndiye aliyetufundisha kuwa mwenye nguvu ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Huyo ndiye shujaa tunayemtaka kwa watoto wetu.