Mgahawa wa Kihindi Upo Nangurukuru

Basi la kutoka Dar likisimama Nangurukuru, abiria hushuka na njaa. Safari hii nilishuka na rafiki yangu tunayesoma naye shahada ya uzamili. Akatazama vibanda vya njiapanda, akacheka: "Leo mambo ya mgahawa wa Kihindi tusahau." Kisha akaagiza chapati mbili, bajia, kachumbari na chai ya maziwa yenye iliki.

Nilimwambia, na nawaambia ninyi mnaofikiri kama yeye: mgahawa wenyewe ndio huu. Chapati, bajia na kachumbari vilivuka bahari pamoja na majina yake. Hata "gari" na "laki" ni maneno ya huko huko. Mama ntilie hana haja ya kuandika "Kihindi" kwenye kibanda chake. Mkono wake umekwishavifanya vya Kilwa.

Ninachopinga ni dharau ya pande mbili. Mama tunamwona hajui kupika mpaka chakula kije na menyu ya Kiingereza. Rafiki yangu aliomba apunguziwe bei ya bajia, yeye ambaye Upanga hulipa bili bila kuikagua. Na Mhindi tunamwita mgeni huku mapishi yake tukiyala asubuhi na jioni.

Sipambi historia. Kivinje, kilomita chache kutoka hapa, ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 19, na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwamo, wakikopesha bidhaa kwa misafara. Deni hilo halifutwi kwa sahani ya biriani. Lakini halimhusu mtoto aliyezaliwa nchini hapa vizazi vingi baadaye. Majengo yalipotaifishwa mwaka 1971, Wahindi wengi waliondoka Tanzania. Chapati ilibaki, na hakuna aliyeidai hati ya uraia. Wajukuu wa waliobaki hadi leo wanaulizwa, "Kwenu hasa ni wapi?"

Dereva alipiga honi. Rafiki yangu alikuwa anafungiwa chapati ya tatu kwenye gazeti. Nikamuuliza, "Hicho chakula cha nani?" Akajibu bila kufikiri, "Chetu." Nikamwambia, basi mlipe mama bei yake yote, na siku nyingine ukikutana na Mhindi wa Lindi, usimuulize kwao.