KARATASI MFUKONI SI AIBU



Naomba nafasi katika gazeti letu hili niseme neno juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, lakini mimi naona linatupotezea mshahara. Jambo lenyewe ni hili: mtu anapoitwa kuhojiwa kwa ajili ya kazi, je, ni vibaya kuingia na karatasi aliyoandika mambo yake, na kuitazama mbele ya tajiri?

Jumapili iliyopita tulibishana juu ya habari hii hapa kwetu Kabiro, kwenye kibanda cha chai. Kijana mmoja alikuwa ameitwa kuhojiwa kwa kazi ya ukarani wa ghala kule Industrial Area. Akasema ataandika maneno machache asije akasahau. Wenzake wakamcheka sana: "Utaingia na mwakenya!" Wote twajua neno hilo. Ni karatasi anayoificha mwanafunzi katika soksi apate kuiba mtihani. Kijana akaona haya, akaikunja karatasi yake. Siku ile mimi nilinyamaza, na nasikitika kwamba nilinyamaza. Leo najibu.

Kwanza, mtihani na mahojiano ya kazi si kitu kimoja. Mtihani huuliza mambo ya kitabuni, na mwalimu anayajua majibu kabla yako. Mahojiano huuliza mambo yako wewe. Ulianza kazi lini mahali fulani, uliondoka lini, uliendesha mashine gani, uliangalia watoto wangapi. Habari hizo hukuziiba kwa mtu. Ni zako. Mtu akitazama daftari lake mwenyewe ameiba nini?

Pili, tazameni upande wa pili wa meza. Mwezi wa Aprili 2021 nchi nzima ilitazama mahojiano ya kumtafuta Jaji Mkuu. Wale makamishna waliokuwa wakiuliza walikuwa na makaratasi mbele yao, na hakuna aliyesema kwamba hawajui kazi yao. Hata tajiri mdogo mwenye duka huwa ameandika maswali yake, na jina lako, na pengine mshahara anaotaka kukupa. Kama karatasi ni dalili ya ujinga, basi mjinga wa kwanza ni yule anayehoji. Tena viongozi wetu wakienda kwenye meza ya mapatano juu ya mshahara, twawataka waende na hesabu zilizoandikwa. Kiongozi akienda mikono mitupu tutamwondoa kwenye uchaguzi unaofuata. Sasa kwa nini mfanya kazi mmoja anayekwenda kujipatania yeye peke yake atakiwe aende mikono mitupu?

Tatu, tukumbuke tulikotoka. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, na baada ya vita ile ya kwanza ikaanza kutumika. Mwanamume Mwafrika alipaswa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Tajiri ndiye aliyeandika humo siku ya kuandikwa kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Asipotia sahihi ya kukuachisha, ukaondoka, wewe ulikuwa mtoro wa kushikwa na polisi. Harry Thuku na wenzake walilalamika juu ya kipande, na Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai Thuku afunguliwe walipigwa risasi. Sheria ile haikuondolewa mpaka mwaka 1947. Babu zetu walibeba karatasi iliyosema habari zao kwa kalamu ya tajiri. Leo kalamu iko mkononi mwako. Nawe waona haya kuitumia?

Sasa niseme yaliyonipata mimi. Zamani nilihojiwa mahali fulani nisipopataja. Nilijibu vizuri maswali yote. Njiani nilikuwa nimepanga kichwani kuuliza mambo matatu: malipo ya saa za ziada, posho ya nyumba, na barua ya kazi. Mwisho yule bwana akaniambia, "Je, una swali?" Kwa hofu na furaha pamoja, yote matatu yakanitoka. Nikajibu, "Sina, bwana." Nikaanza kazi kesho yake. Mwisho wa mwezi nikaona kwamba saa za ziada hazilipwi, nyumba ni shauri langu, na barua hakuna. Nilifanya kazi hapo miaka miwili nikihesabiwa kibarua wa kutwa, na siku niliyofukuzwa sikuwa na hata mstari mmoja wa kuonyesha tulipatana nini. Swali ambalo sikuliuliza nililipia kwa miaka miwili.

Kwa hiyo nasema, andikeni. Mambo ya kuandika ni haya:

(1) Mahali ulipofanya kazi, na tarehe za kuanza na kuondoka. Ukiwa huzijui, zitazame kwenye cheti cha kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema tajiri lazima akupe cheti unapoondoka, kama umefanya kazi kwake wiki nne mfululizo au zaidi. Usiondoke bila hicho.

(2) Mambo mawili au matatu uliyoyafanya kwa mikono yako, pamoja na hesabu yake. "Nilifanya kazi ghalani" ni maneno matupu. "Nilipokea malori sita kwa siku na vitabu vyangu vilikuwa sawa" ni maneno ya fundi.

(3) Mshahara ulio halali. Amri ya mishahara iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 iliweka shilingi 16,113.75 kwa mwezi kuwa kiwango cha chini kwa mtumishi wa nyumbani na kibarua wa kawaida hapa Nairobi, mbali na posho ya nyumba. Kabla ya kwenda, uliza chamani kama kiwango kimebadilika, uandike kile kipya. Mtu asiyejua kiwango huambiwa shilingi 8,000 akashukuru.

(4) Maswali yako: saa za kazi, siku ya kupumzika, likizo (sheria yatoa siku 21 za kazi kwa mwaka), michango ya NSSF na SHA, na mkataba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yapasa kuwa na mkataba ulioandikwa, na kama hujui kusoma au lugha yake huielewi, tajiri lazima akuelezwe kwa lugha unayoifahamu. Hata kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi.

(5) Acha nafasi chini ya karatasi. Ukitoka, kabla hujapanda matatu, andika hapo majibu uliyopewa, jina la aliyekupa, na tarehe. Siku ya mashauri utaishukuru nafasi hiyo.

Lakini karatasi ina adabu yake. Iwe moja, safi, yenye maneno machache ya kukukumbusha tu. Usiisome kama mahubiri ukiwa umeinamisha kichwa. Mtazame anayekuuliza, umjibu kwa kinywa chako, na unapofika kwenye tarehe au hesabu useme, "Naomba ruhusa nitazame karatasi yangu nisije nikakosea." Mambo hayo usiyaweke katika simu, maana atadhani wasoma salamu za rafiki. Wala usiandike kazi usiyoifanya. Karatasi haimgeuzi mwongo kuwa fundi.

Najua mtanijibu. Mtasema, "Ndugu, wewe waandika ukiwa umeshiba. Langoni kuna watu arobaini nyuma yangu. Nikitoa karatasi na kuuliza mshahara, nyapara atasema huyu ni mjeuri, atamwita anayefuata." Ni kweli, nami siwezi kuikana. Kwenye lango la mjengo hakuna anayekupa kiti wala dakika tano. Hapo karatasi haitolewi. Lakini isome njiani, unapotembea kutoka Kawangware kwenda Lavington au kutoka Kibera kwenda viwandani, ili yale mawili ya lazima, yaani malipo na siku ya kulipwa, yawe mdomoni. Na dada zetu wanaotafuta kazi za nyumbani Kileleshwa na Lavington, ambao hupatana jikoni peke yao bila shahidi, wao ndio wanaoihitaji karatasi kupita sisi wote. Wajue pia kwamba kipo chama cha KUDHEIHA kinachopokea watumishi wa nyumbani.

Na tajiri akikasirika kwa kuulizwa mshahara, hasira yake ni jibu. Umekwisha jua kazi hiyo itakuwaje. Pengine utaichukua hata hivyo kwa sababu watoto hawajala, na hapana mtu wa kukulaumu. Lakini utakuwa umeingia macho wazi.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Mtu mmoja akiingia na karatasi ataitwa mjeuri. Watu kumi wakiingia na karatasi, tajiri atashangaa. Watu wote wakiingia nayo, itakuwa desturi, na asiye nayo ndiye atakayeulizwa, "Karatasi yako iko wapi?" Desturi ya namna hii mtu mmoja hawezi kuianzisha. Hiyo ni kazi ya chama. Naomba halmashauri ya tawi letu itenge nusu saa katika kila mkutano, tuhojiane wenyewe kwa wenyewe, mmoja awe tajiri na mwingine awe mtafuta kazi, na wanaojua kuandika wawaandikie wasiojua.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu sisi ni jasho, nalo limepotea bila habari miaka mingi. Yule kijana wa Jumapili nilimfuata nyumbani kwake jioni, nikamwambia aikunjue karatasi yake. Aliikunjua. Tukaongeza maswali mawili chini yake.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Kabiro.